Jaribio linaloanguka kwanza: jinsi ya kupeleka marekebisho Django

Ukipeleka marekebisho Django (mfumo huria wa Python wa kutengeneza tovuti), atakayeyasoma kwanza huenda ni mtu anayejitolea, ametoka kazini na ana nusu saa tu. Kabla ya kutazama msimbo wako anatafuta jambo moja: jaribio, yaani msimbo mfupi unaokagua msimbo mwingine, linaloanguka pasipo marekebisho na linalopita yakiwekwa. Likikosekana, utaombwa ulilete, na foleni itakuwa imeshakupita.

Kazi huanzia kwenye tiketi, yaani taarifa ya hitilafu au ombi la badiliko. Zote ziko code.djangoproject.com, nawe chagua iliyofika hatua ya "Accepted", yaani mtu mwingine amekwisha thibitisha kwamba hitilafu ipo kweli. Tiketi uliyoifungua mwenyewe usiipandishe hadi hapo, mwachie mwingine. Ikiwa kuna mtu aliyeichukua kisha akanyamaza miezi, mwandikie palepale kwenye tiketi, mpe siku kadhaa, ndipo uichukue. Zilizowekewa alama ya "Easy pickings" (kazi nyepesi) hugombewa sana. Kwa maoni yangu, anayeanza hufaidika zaidi na tiketi ya zamani yenye marekebisho yaliyoachwa njiani: maoni ya wakaguzi yameshaandikwa, na mara nyingi kilichobaki ni majaribio na maelezo. Jina la aliyetangulia libaki kwenye komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye Git), kwa mstari wa `Co-authored-by`.

Tengeneza nakala yako (fork) ya msimbo wa Django kwenye GitHub, kisha ishushe. Kama bando ni dogo, ongeza `--depth 1` kwenye `git clone`. Badala ya takriban MB 250 utashusha kama MB 70. Historia ya msimbo haiji nayo, kwa hiyo siku utakapotaka kutafuta kwa `git bisect` komiti iliyoleta hitilafu, anza na `git fetch --unshallow`. Washa venv (mazingira ya Python yaliyotengwa), ingia kwenye folda ya Django, kisha:

`python -m pip install -e .`
`python -m pip install -r tests/requirements/py3.txt`

Amri ya pili ndiyo hukwamisha. Baadhi ya maktaba zilizomo, kama `pylibmc`, zikibidi kujengwa kwenye mashine yako huhitaji vifurushi vya mfumo. Kwenye Ubuntu hiyo hudai `libmemcached-dev`. Maktaba ikishindikana kabisa, iache. Majaribio yanayoitegemea yatarukwa yenyewe.

Sasa ingia `tests` na uendeshe sehemu inayokuhusu tu, mfano `./runtests.py queries`. Majaribio yote yanazidi 10,000. Yaendeshe yote mara moja kabla ya kutuma.

Andika jaribio kabla ya kugusa msimbo. Liendeshe, uone linaanguka, na usome sababu: jaribio lililoanguka kwa sababu ya `import` iliyokosewa halijathibitisha chochote. Ukimaliza kurekebisha, hakikisha tena kwa njia hii: kwenye folda kuu andika `git stash push -- django`. Marekebisho yatawekwa kando, jaribio lililo ndani ya `tests` litabaki. Lazima lianguke. Yarudishe kwa `git stash pop`, nalo lazima lipite.

Kisha huja tatizo linalowashangaza wengi: kwako kila kitu kimepita, lakini kwenye mashine za mradi kimeanguka. Mipangilio ya kawaida ya `runtests.py` hutumia hifadhidata ya SQLite, mashine hizo hujaribu pia nyingine kama PostgreSQL, na SQLite husamehe mengi. Haikatai maandishi yaliyozidi urefu uliowekwa na `max_length`, PostgreSQL hukataa. Ukipanga kwa kupanda, SQLite huweka NULL (thamani tupu) mwanzoni, PostgreSQL huziweka mwishoni. Usipoandika `order_by`, hakuna hifadhidata inayokuahidi mpangilio wowote. Na kosa ninaloliona la kawaida kuliko yote ni kudhani rekodi ya kwanza ina `pk=1` (`pk` ni namba ya utambulisho wa rekodi): kwenye PostgreSQL kihesabu cha namba hakirudi nyuma muamala wa jaribio unapofutwa mwishoni, kwa hiyo jaribio lililotangulia limeshaitumia 1. Linganisha na `obj.pk`, usiandike namba.

Msimbo upitishe kwenye zana za kukagua mtindo: `black` (mstari usizidi herufi 88), `isort` na `flake8`. Ujumbe wa komiti huanza `Fixed #12345 --`, kisha sentensi ya Kiingereza katika wakati uliopita, yenye nukta mwishoni, mistari isizidi herufi 72. Kama komiti haifungi tiketi, andika `Refs`. Kipengele kipya kinadai pia maelezo kwenye `docs` na kwenye taarifa za toleo. Tawi lako lilete mbele kwa `git rebase upstream/main`, ambapo `upstream` ni jina la hazina asili ya Django. Usiingize komiti za kuunganisha matawi (merge).

Django ina tafsiri ya Kiswahili, `django/conf/locale/sw`. Ukiona neno limekosewa humo, usibadilishe faili la tafsiri la `.po` kupitia GitHub. Tafsiri hupitia Transifex, tovuti ya kutafsiria, na faili huchotwa kutoka huko, kwa hiyo badiliko la pembeni lingefutwa. Na hitilafu ya usalama usiifungulie tiketi kabisa: iandikie timu ya usalama kwa barua pepe, maana tiketi husomwa na kila mtu.

Mkaguzi akikuta kasoro, huweka alama ya "Patch needs improvement". Ukisharekebisha na kusukuma komiti, rudi kwenye tiketi uiondoe alama hiyo wewe mwenyewe. Ikibaki, tiketi haionekani kwenye foleni ya ukaguzi, na unaweza kusubiri miezi jibu la mtu ambaye hajui kwamba umeshamaliza.