“Lakini kwenye simu ipo safi!”

Mteja anataka picha ya wazazi wake igeuzwe mchoro wa dijitali, ichapwe kwenye kanvasi ya A2 (sawa na karatasi nne za A4), ikabidhiwe siku ya harusi. Picha anaituma kwa WhatsApp. Akiambiwa haitoshi, jawabu ni moja, Darajani ya Unguja mpaka Chake Chake ya Pemba: “Lakini kwenye simu ipo safi!”

Kwenye simu kila picha ni safi. Kioo chenyewe hakizidi upana wa vidole vinne, na picha ndogo hukijaza bila taabu. WhatsApp ikituma kwa njia ya kawaida huibana picha, mara nyingi upande mrefu ukabaki na pikseli (nukta zinazounda picha) 1,600 hivi. Sasa piga hesabu. Chapa safi hutaka pikseli 300 kwa kila inchi. Gawa 1,600 kwa 300: inchi tano na kidogo, yaani kadi ya mkononi. Ukikubali 150, kwa kuwa kanvasi hutazamwa kwa mbali, hata A4 hufiki. A3, nusu tu ya A2, kwa 300 inataka pikseli 3,508 kwa 4,961. Na skrinishoti iliyokatwa kwenye stetasi ya mtu, tafadhali, usiilete kabisa.

Dawa yake ni nyepesi: mtafute aliyepiga picha, aitume kama dokumenti, si kama picha. Kitufe cha HD hupunguza madhara, hakiyaondoi. Faili likifika, tazama uzito wake. Picha ya simu ya leo huwa na megabaiti mbili na zaidi. Ukiona kilobaiti 150, umetumiwa kivuli.

Hapo ndipo huja la pili: “Basi ikuze kwa akili mnemba.” Programu hizo hazirudishi kilichopotea, hukibuni. Hubuni kope, meno, hata mikunjo ya ngozi. Matokeo yanang'ara, ila bibi aliyeko ukutani si bibi yenu, na mama ataligundua hilo kabla hajakaa kitini. Picha ikiwa dhaifu, heri kuagiza mchoro wa mkono wenye rangi bapa na mistari michache. Huo huchorwa upya kwa ukubwa unaotakiwa, kwa hiyo hauvunjiki. Sharti macho na mdomo vionekane: uso peke yake, kidevu mpaka utosi, uwe na pikseli 600 walau.

Wengine husema picha ya marehemu babu ya zamani haifai kitu. Inafaa, tena sana. Ya pasipoti, milimita 35 kwa 45, ukiiskani kwa pikseli 1,200 kwa inchi hutoa zaidi ya pikseli 2,000 kwa urefu, kuliko ile ya WhatsApp! Ila ikiwa imegandana na kioo cha fremu kwa unyevu, usiibandue, uso utabaki kiooni. Iskaniwe na kioo chake.

“Ni kompyuta tu, kesho itakuwa tayari.” Haitakuwa. Kuna kukata mandhari, kuchora, sampuli, masahihisho, kuchapa, kisha kuacha wino ukauke kabla ya vanishi na fremu. Agiza wiki tatu kabla, na mkubaliane mapema masahihisho ni mangapi.

Rangi nazo hazitoki kama kiooni. Kioo hutoa mwanga, karatasi haitoi; buluu na kijani kali cha kanga ndivyo hufifia mwanzo. Punguza mwanga wa simu hadi nusu unapokagua, na omba kipande cha majaribio kichapwe kwenye kanvasi ile ile.

Fremu haizuii koga. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hunyonya maji ya masika, kisha huyatoa. Bandika vipande vya raba kwenye pembe mbili za chini, nyuma ya fremu, hewa ipite. Chapa ya karatasi isigusane na kioo.

Mwisho, ukingo. Kanvasi hukunjwa kwenye mbao sentimita nne mpaka tano kila upande. Mtu akitaka kanga yenye jina lake, yaani msemo wake, izunguke picha, jina likae upande wa mbele, lisiingie kwenye ukingo huo, la sivyo nusu ya maneno huishia ubavuni. Ya kwenda Wete kwa boti isipelekwe na mbao: viringisha uso ukiwa nje, utie ndani ya bomba la plastiki, fremu itengenezwe huko huko.