Klasta ya kompyuta ni nini, na ya nyumbani hujengwaje

Klasta ni kompyuta kadhaa kamili, kila moja na prosesa yake, RAM yake na mfumo endeshi wake, zilizounganishwa kwa mtandao ili zigawane kazi moja. Kila mashine humo huitwa nodi. Nodi 4 zenye RAM ya GB 8 hazigeuki kuwa kompyuta moja ya GB 32. Zinabaki mashine 4 za GB 8 zinazotumiana ujumbe, na programu isiyoandikwa kwa ajili hiyo itaendelea kukimbia kwenye nodi moja huku nyingine zimekaa bure.

Mtindo huu wa kutumia mashine za dukani na programu huria ulianza mwaka 1994. Thomas Sterling na Donald Becker, katika kituo cha Goddard cha NASA, Marekani, waliunganisha kompyuta 16 za prosesa ya 486 kwa Etheneti, zikiendeshwa na Linux. Klasta hiyo ilipewa jina la Beowulf, na hadi leo klasta za aina hiyo huitwa hivyo.

Kabla ya kununua chochote, pima kazi yako. Kama asilimia 10 ya programu haigawanyiki, nodi 4 zitakupa kasi ya mara 3 hivi, nodi 8 hazifikishi mara 5, na hata ukiwa na 1,000 huvuki mara 10. Hiyo ndiyo kanuni ya Amdahl. Kuchora fremu za katuni kwa programu ya Blender, au kurudia hesabu ileile kwa namba tofauti mara elfu, kunafaa sana. Michezo ya kompyuta haifaidiki.

Kwa kuanzia zinatosha kompyuta 4 za mezani zilizotumika, zenye prosesa za aina moja, swichi ya gigabiti yenye matundu 8 na kebo za Cat5e. Usitegemee Wi-Fi. Hata gigabiti hupitisha takriban MB 115 tu kwa sekunde, na ujumbe mmoja huchukua makumi ya maikrosekunde kufika, wakati RAM hujibu kwa takriban sehemu ya kumi ya maikrosekunde moja. Kwa hiyo nodi zinazoongea kila mara hupoteza muda zikisubiriana.

Weka Debian (aina ya Linux) ya toleo moja kwenye zote, na anwani za mtandao (IP) zisizobadilika. Nodi kuu igawe folda ya /home kwa NFS, njia ya kushiriki mafaili mtandaoni; ukishaweka humo mara moja ufunguo wa SSH, unaoruhusu kuingia kwenye mashine nyingine bila nywila, nodi zote zinausoma. Namba ya mtumiaji, yaani UID, ifanane kila mahali, la sivyo faili zako zitaonekana ni za mtu mwingine. Kisha sakinisha Open MPI ya toleo moja, programu inayowezesha nodi kutumiana ujumbe, uorodheshe majina ya nodi kwenye faili la nodi.txt, ujaribu:

mpirun -np 4 --hostfile nodi.txt --map-by node hostname

Yakitoka majina 4 tofauti, njia iko wazi. Amri ikiganda, angalia kwanza ukuta wa moto, kwa sababu MPI hufungua milango ya mtandao kiholela. Halafu fungua /etc/hosts: Debian huweza kuweka humo mstari wa 127.0.1.1 wenye jina la mashine, na nodi ikijitambulisha kwa anwani hiyo wenzake hawaipati. Ufute, uandike IP halisi.

Mkiwa watumiaji zaidi ya mmoja, ongezeni Slurm ipange foleni ya kazi. Slurm hutegemea Munge kuthibitisha nodi: ufunguo wake uwe uleule kila mahali, na saa zisipishane, maana Munge kwa kawaida hukataa kitambulisho kilichopita dakika 5. Chrony, programu ya kulinganisha saa, inamaliza tatizo hilo. Usikisie RAM unapojaza slurm.conf, faili la mipangilio ya Slurm; endesha slurmd -C kwenye kila nodi, unakili mstari inaoutoa. Ukiandika RAM kubwa kuliko iliyopo, nodi haitapokea kazi.

Umeme ukikatika na kurudi, nodi zinaweza kuwaka kabla ya nodi kuu, zikaikosa /home. Chaguo la x-systemd.automount kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski na folda za kuunganishwa, huifanya /home iunganishwe pale tu inapohitajika. Slurm nayo itaziacha nodi hizo katika hali ya down (hazipewi kazi) hata zikiwa nzima, mpaka uzirudishe kwa mkono kwa amri ya scontrol, au uandike ReturnToService=2 kwenye slurm.conf.