Kasma ni nini, na mtoto wa Tabora inamhusu vipi

Juzi kati hapa mtaani kwetu Tabora kuna mtoto alikua anapigwa na mlezi wake mpaka majirani wakashindwa kuvumilia, wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akapiga simu ofisi ya ustawi wa jamii, jibu likaja kwamba afisa yupo na kesi ameipokea ila gari halina mafuta, kasma ya mafuta imeisha. Mama mmoja akauliza, kasma ndo nini? Watu tukabaki tunaangaliana. Nimeona niandike maana hilo neno ndo linaamua mtoto kama yule anafikiwa leo au wiki ijayo.

Kasma ni mstari mmoja ndani ya kitabu cha bajeti, una namba yake na una kazi yake moja. Mafuta ya gari ni kasma, posho ya safari ni kasma, karatasi za ofisi kasma nyingine. Fikiria mama aliyefunga hela kwenye mapindo ya khanga, pindo hili la unga, lile la mchango wa shule, la tatu la dawa. Tofauti ni kwamba mama akizidiwa anafungua pindo lolote anapika, lakini ofisini kuhamisha hela toka kasma moja kwenda nyingine mpaka kibali, kwaiyo unakuta ya mafuta imekauka huku ya kitu kingine ina salio na mtoto anasubiri.

Sasa kasma haielei tu hewani. Juu yake kuna fungu. Bunge linapokaa Dodoma kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni linapitisha hela kwa mafungu, kila wizara na kila mkoa na namba yake. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum ni Fungu 53. Kigoma ni Fungu 74. Sisi Tabora ni Fungu 85. Hapa ndo wengi tunapotea, waziri akisoma hotuba ya wizara yake tukasikia watoto, ustawi, ukatili, tunadhani hela ya afisa wetu wa ustawi wa kata iko mle, wakati yule afisa ni mtumishi wa halmashauri, hela ya serikali kuu inayomfikia inapita Fungu 85 pamoja na walimu na manesi na kila kitu cha mkoa. Ukitaka kumtafuta kwenye vitabu usimtafute kwa waziri, mtafute huku.

Mwezi Juni bajeti ya serikali yote inapigiwa kura, mbunge anaitwa jina anajibu ndiyo au hapana, na kura hiyo ni nzito kweli maana Bunge likikataa bajeti Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja, ibara ya 90. Baada ya hapo unapita Muswada wa Sheria ya Matumizi, ndo unaoruhusu hela kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina. Kuna na Sheria ya Fedha ambayo watu wanaichanganya na hii, ile ya Fedha ni ya kukusanya, inagusa kodi na tozo. Moja inaruhusu kutoa, nyingine inasema tutapata wapi.

Na hiyo ya kukusanya usiidharau ukiwa mtu wa Urambo au Kaliua au Sikonge, wilaya zetu za tumbaku. Mwaka 2017 mabadiliko ya sheria yalishusha ushuru wa mazao ya biashara toka asilimia 5 kwenda 3, na ya chakula kwenda 2. Mkulima wa tumbaku alipumua na mi sipingi hata kidogo, alikua anakamuliwa. Lakini ule ushuru ndo mapato ya ndani ya halmashauri, na mambo kama mafuta ya gari la ustawi mara nyingi yanategemea hayo hayo mapato ya ndani. Kwaiyo mstari mmoja umebadilishwa Dodoma kwa ajili ya tumbaku, kumbe umegusa na mtoto anayepigwa, na humo ndani hakuna alieandika neno mtoto.

Halafu kuna hela zenye ulinzi, yaani zimetengewa kazi yake kabisa, na zisizo na ulinzi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, iko kwenye sheria toka 2018 na ni ya mikopo, haigusi kesi za watoto. Lishe nayo halmashauri zimewekewa shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5, mwananchi yeyote anaweza kuhesabu watoto akazidisha akajua wametoa au hawajatoa. Kesi za ustawi zinagombania kilichobaki. Hapo ndo roho inaniuma, kwasababu Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 94 inasema waziwazi kumlinda mtoto na ustawi wake ni wajibu wa halmashauri, na kifungu kinachofuata kinatutaka sisi wananchi tukiona haki ya mtoto inavunjwa tutoe taarifa. Majirani wale walifanya sehemu yao. Wajibu umeandikwa ila haukuwekewa mafuta.

Kitu kingine, kupitishwa sio kutolewa. Bajeti ikipita maana yake ni ruhusa, hela yenyewe inakuja kwa awamu kadri inavyokusanywa, na ruhusa ina mwisho, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni. Hela iliyochelewa ikaingia Juni katikati inakimbizana na kalenda.

Kwaiyo ukisubiri hotuba ya Juni umechelewa sana. Kasma za halmashauri zinapangwa mapema, Wizara ya Fedha inatoa mwongozo na ukomo, yaani kiwango usichovuka, idara zinaandika maombi yao, afu Baraza la Madiwani linapitisha miezi ya mwanzo wa mwaka kabla vitabu havijaenda Dodoma. Diwani wako anakua na kile kitabu mkononi. Muulize kabla hajaingia kikaoni, ustawi wa jamii wamewekewa shilingi ngapi za mafuta na za safari kwa mwaka mzima, na mwaka uliopita walipangiwa ngapi wakapewa ngapi. Yule mtoto wa mtaani kwetu alifikiwa siku ya nne, majirani walichanga hela ya bodaboda afisa akaja.