Maumivu ya misuli, mifupa na viungo: yanatoka wapi?

Mtu anayesema "mwili wote unaniuma" huenda anazungumzia vitu vitatu tofauti. Msuli huuma unapokazwa au kubonyezwa. Maumivu ya mfupa huwa ya ndani kabisa, na mara nyingi hayaondoki hata mtu akitulia. Kiungo, pale mifupa inapokutana, huuma kinapokunjwa, na aghalabu huvimba au kukakamaa. Hata hivyo, mahali panapouma si ushahidi wa kutosha: nyonga iliyoharibika inaweza kuuma gotini. Kwa maoni yangu, swali linalofaa zaidi ni lini, si wapi.

Chukua asubuhi. Gegedu linalofunika ncha za mifupa likilika kwa sababu ya umri, uzito au jeraha la zamani, kiungo hukakamaa mtu anapoamka, kwa kawaida kwa chini ya nusu saa, kisha huuma kadiri kinavyotumika. Baridi yabisi huenda kinyume. Hapo kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo (hewa ya baridi, inayolaumiwa sana, siyo chanzo), vidole vya mikono yote miwili hukakamaa kwa saa nzima au zaidi, na kuvichezesha huleta nafuu. Jongo nalo huvamia ghafla, mara nyingi usiku, hasa kwenye kidole gumba cha mguu, ambako fuwele (chembe ngumu zenye ncha) za asidi ya yuriki, taka ya mwili ambayo kwa kawaida hutoka kwa mkojo, zimejikusanya. Mgonjwa hawezi kuvumilia hata shuka kumgusa.

Misuli ina visa vyepesi zaidi. Kazi ambayo mwili haukuizoea huacha maumivu yanayofikia kilele siku moja hadi tatu baadaye, kisha huisha yenyewe. Mafua makali, malaria na homa ya dengi pia huuma mwili mzima, na wakati mwingine chanzo ni dawa, kwa mfano statini za kupunguza kolesteroli. Kwa mfupa, fikiria ufa, upungufu wa vitamini D au ugonjwa wa seli mundu.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na mtu ana homa, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa bakteria wanaweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache. Maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtu usiku bila kuumia popote, huku akikonda, nayo yachunguzwe mapema badala ya kutulizwa kwa vidonge.