"Linarejelezeka" au "limerejelezwa"? Kusoma mishale mitatu ya boksi

Geuza boksi tupu la dukani kwa Mangi, huenda ukakuta mishale mitatu inayofukuzana. Alama hiyo ilichorwa na Gary Anderson, mwanafunzi wa chuo huko California, kwa ajili ya shindano la mwaka 1970 lililodhaminiwa na Container Corporation of America, kampuni ya maboksi ya Chicago. Kwa hiyo mishale tunayoiona leo hadi kwenye chupa za plastiki ilianzia kwa watu wa maboksi.

Mishale hiyo husomwa visivyo kwa sababu inabeba maneno mawili yanayofanana. Boksi linarejelezeka: yaani linaweza kugeuzwa karatasi tena. Boksi limerejelezwa: limetengenezwa kwa karatasi iliyokwishatumika. La kwanza ni uwezekano, la pili ni asili. Boksi moja laweza kuwa na sifa zote mbili, au moja tu.

Uwezekano huo unaweza kuupima jikoni. Chana boksi pembeni: utaona karatasi mbili bapa na katikati yake moja yenye mawimbi, kama bati la kuezekea. Mawimbi hayo ndiyo yanayolipa boksi nguvu ya kubebeshwa mengine juu yake. Gundi iliyozishika kwa kawaida ni wanga, mara nyingi wa mahindi. Ni ndugu wa uji, basi. Loweka kipande usiku kucha. Asubuhi karatasi zimeachana, na ukizifikicha zinageuka rojo la nyuzi fupifupi. Kiwandani ni hivyohivyo, ila ndani ya pipa kubwa: pini, selotepu na mchanga huchujwa, rojo hutandazwa juu ya wavu, maji yakishuka inabaki karatasi.

Ila nyuzi huchoka. Kila mzunguko zinakatika na kukakamaa, na hesabu inayotajwa sana ni mara tano hadi saba kabla hazijawa fupi mno kushikana. Ndiyo maana hata nchi inayokusanya kila boksi lake bado ingehitaji nyuzi mpya kutoka mahali fulani. Kwa Tanzania, mahali hapo ni pamoja na Mgololo, wilayani Mufindi, ambako mipaini ya shamba la miti la Sao Hill hugeuzwa karatasi ya kaki. Mpaini una nyuzi ndefu, na ule ukahawia ni rangi ya mti ambao haujapaushwa. Kwa hiyo boksi lenye nyuzi mpya si dhambi, mradi shamba lililokatwa limepandwa tena.

Kinachoniudhi mimi ni karatasi isiyo karatasi. Pakiti ya maziwa ya kukaa muda mrefu ni karatasi kwa karibu robo tatu tu. Kinachobaki ni plastiki na aluminiamu, na kuvitenganisha kunataka mitambo maalumu. Kikombe cha kahawa ya kubeba nacho kina plastiki kwa ndani, la sivyo kingelainika mkononi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya 2017 na Tanzania 2019, chochote chenye sura ya kaki kinapewa heshima ya bure. Hata boksi halisi likishanyonya mafuta ya kuku halina tena bei, maana mafuta hayaachani na nyuzi ndani ya maji.

Na linalorejelezeka halirejelezwi mpaka apatikane mtu wa kulibeba. (Simsemi yule anayebeba boksi Ulaya.) Ni yule wa mkokoteni, anayeyakunjua nyuma ya maduka, anayabana kwa kamba na kuyapeleka kwenye mizani. Huko huuzwa kwa kilo, na boksi lililolowa hukatwa uzito, kwa kuwa hakuna anayenunua maji. Mvua za masika zikimkuta njiani bila turubai, mshahara wa siku umekwenda.