Mnazi, kutu ya ngano na vipande vya DNA vinavyojirudia

Wanafunzi wanaokuja maabara kwa mafunzo ya vitendo huuliza karibu wote swali lile lile, na ni swali zuri. Kama tunataka kujua tofauti kati ya minazi miwili, kwa nini tunaziacha jeni zinazohusika na ukubwa wa nazi au ustahimilivu wa ugonjwa, tukaenda kupima vipande vya DNA visivyo na kazi inayojulikana, vilivyojaa herufi za DNA zinazojirudia, GAGAGAGAGA, kutoka mwanzo hadi mwisho?

Tunavipima kwa sababu hiyo hiyo. Jeni yenye kazi haiachiwi ibadilike ovyo. Mmea uliopata hitilafu kwenye jeni muhimu hufa au hauzai, na hitilafu inaondoka nao. Ndiyo maana jeni za namna hiyo hufanana sana hata kati ya mimea isiyo ya ukoo mmoja. Kipande kisicho na kazi hakuna anayekichuja. Kikirefuka au kikifupika, mmea hauna habari, na urefu huo mpya unarithiwa na watoto na wajukuu. Ukivipima vipande kumi na tano vya namna hii vilivyo sehemu mbalimbali za kromosomu, unapata kumbukumbu ya nani ametoka kwa nani, isiyopotoshwa sana na uteuzi wa mkulima wala wa mazingira.

Kuna namna vinavyobadilika ambayo inafaa kueleweka vizuri, kwa sababu matatizo mengi ya kazi hii yanatokana nayo. Seli inapojigawa, kimeng'enya kiitwacho polimerasi kinanakili DNA herufi kwa herufi. Kikifika mahali penye GA mara kumi na nne mfululizo kinaweza kuteleza, kama mtu anayevuta tasbihi huku akisinzia: akizinduka, hajui kama punje hii ameshaihesabu. Nakala mpya inatoka na GA kumi na tano, au kumi na tatu. Utelezi huu hutokea takriban mara moja katika vizazi elfu moja hadi milioni moja, kutegemea kipande chenyewe, na hiyo ni kasi kubwa mno ukilinganisha na mabadiliko ya kawaida ya herufi moja moja. Vipande hivi, ambavyo kipimo cha kujirudia ni herufi moja hadi sita, ndivyo tunavyoviita maikrosatelaiti au SSR.

Mbinu yenyewe si ngeni. Alec Jeffreys aligundua alama za utambulisho za DNA pale Leicester, Uingereza, mwaka 1984, lakini alitumia vipande virefu zaidi na kazi yake ilidai DNA nyingi. PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi sana, ambayo Kary Mullis aliibuni mwaka 1983, ilipokutana na vipande vifupi, mlango ukafunguka. Mwaka 1989 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha, kila moja kivyake, kwamba unaweza kukuza maikrosatelaiti moja kwa praima mbili (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) na kusoma urefu wake. Tangu hapo zimetumika kwenye karibu kila zao unaloweza kulitaja.

Tuuchukue mnazi. Ukuti uliokomaa ni nyuzi tupu, hausagiki, kwa hiyo tunachukua vijani vya kuti changa na kuvikausha haraka ndani ya punje za silika kabla havijaanza kuoza njiani. Maabara tunavisaga, tunavichemsha kwenye mchanganyiko wa CTAB, aina ya sabuni inayopasua seli, kwa nyuzi 65, tunatenganisha kwa klorofomu, kisha tunamimina isopropanoli ya baridi. Ukiinamisha kichupa taratibu unaona uzi mweupe unajikunja kwenye kimiminika. Ndiyo DNA yenyewe. Ukiwa na rangi ya kahawia, bado una uchafu wa mmea na PCR itakusumbua, ni heri kurudia kusafisha kuliko kupoteza kemikali za siku nzima.

Baada ya PCR, mashine inachora vilele, kila kimoja kikionyesha urefu wa kipande kilichokuzwa. Tuseme kwenye kipande kimoja mnazi fulani una kilele cha herufi 182 na kingine cha 188. Maana yake alipokea nakala moja kwa mama na nyingine kwa baba, na zinatofautiana kwa GA tatu. Mnazi mwingine una kilele kimoja tu, 182. Huo amepewa nakala sawa na wazazi wote wawili, mara nyingi kwa sababu mzazi wake alijichavusha mwenyewe. Hapa mnazi unapendeza kufundishia. Minazi mirefu kwa kawaida huchavushana na jirani, kwa hiyo huonyesha vilele viwili mahali pengi. Minazi mifupi, ile inayozaa mapema na inayopendwa kwa madafu, hujichavusha zaidi, na kwenye vipande vingi unakuta kilele kimoja. Mkulima akiuziwa mche kwa jina la chotara wa mfupi na mrefu, chotara wa kweli lazima awe na kilele kimoja cha mama na kimoja cha baba kila mahali ambapo wazazi hao wanatofautiana. Vipande vichache vizuri vinatosha kumaliza ubishi huo.

Lakini kazi iliyonishawishi kwamba vipande hivi vina mengi ya kusema ni ile iliyochapishwa mwaka 2011 na Bee Gunn, Luc Baudouin na Kenneth Olsen. Walipima minazi 1,322 kutoka sehemu mbalimbali za dunia kwa maikrosatelaiti 10 tu. Kumi! Minazi hiyo iligawanyika makundi mawili makubwa, moja la Pasifiki, jingine la Bahari ya Hindi na Atlantiki, na takriban theluthi moja ya tofauti zote za kinasaba ilikuwa kati ya makundi hayo mawili. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba mnazi ulianza kulimwa mahali pawili tofauti, visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki na upande wa kusini wa Bara Hindi. Minazi ya Karibi iko kundi la Bahari ya Hindi, jambo linalolingana na historia ya Wareno waliochukua nazi upande wetu wa dunia na kuzipeleka Atlantiki.

Kwetu watu wa pwani, sehemu tamu iko kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, Madagaska na Komoro zikiwemo. Huko makundi mawili yamechanganyika. Mnazi mmoja unabeba aleli (matoleo ya kipande kile kile) za Pasifiki na za Hindi pamoja. Nazi huelea na kusafiri na mikondo ya bahari, sawa, lakini mchanganyiko wa namna hii kwenye njia ile ile waliyopita mabaharia wa Kiaustronesia, waliotoka Asia ya Kusini-Mashariki, kwenda Madagaska hauelezeki kirahisi kwa mikondo peke yake. Lugha ya Kimalagasi ina asili huko huko Asia ya Kusini-Mashariki. Watafiti hao walisoma vinasaba na historia ya watu kwa pamoja, na nadhani walifanya sawa. Ila tukumbuke vipande vyenyewe havina tarehe juu yake. Vinaonyesha kwamba minazi ya damu mbili ilioana, havisemi mwaka wa harusi. Tarehe inatoka kwa wanaakiolojia.

Tuhamie kwenye kuvu, ambako mambo yanageuka.

Kutu ya shina la ngano, *Puccinia graminis*, haikui kwenye sahani ya maabara kama fangasi wengi. Inataka ngano hai. Kwa hiyo huwezi kukwangua kutu shambani ukapeleka moja kwa moja kwenye PCR, kwa sababu jani moja laweza kuwa na aina tatu juu yake na utasoma vilele vya wote kwa pamoja. Unachagua kipele kimoja, unahamishia spora zake kwenye miche michanga ya ngano, unasubiri zizae, unarudia, ndipo unapata DNA ya ukoo mmoja. Halafu kila spora ya kiangazi ya kutu hii ina viini viwili, kila kimoja na seti yake ya kromosomu, kwa hiyo hapa pia mahali pamoja panaweza kutoa vilele viwili. Tatizo jingine ni kwamba maikrosatelaiti za kuvu kwa ujumla ni chache na fupi kuliko za mimea, hivyo kuzitafuta ni kazi ya ziada.

Aina iliyoitwa Ug99 iligunduliwa Uganda kutokana na sampuli za 1998. Iliishinda Sr31, jeni ya kinga iliyokuwa imesambazwa kwenye ngano za nchi nyingi, ndiyo maana dunia ilishtuka. Jina lake la kitaalamu ni TTKSK, na herufi hizo tano zinatokana na kuijaribu kwenye ngano 20 zenye jeni tofauti za kinga na kuona ipi imeshika ugonjwa. Mwaka 2006 Kenya ikapatikana TTKST, iliyoishinda na Sr24. Mwaka uliofuata TTTSK, iliyoishinda Sr36. Kwa mkulima wa Narok hawa ni maadui watatu, na kila mmoja anadai mbegu tofauti. Kwenye maikrosatelaiti wanakaribia kuwa kitu kimoja. Ni ukoo mmoja unaojinakili bila kupandana, na kila mara mwanafamilia mmoja anapata badiliko dogo kwenye jeni ya shambulio, mahali ambapo praima zetu hazigusi kabisa.

Sasa angalia Ethiopia, 2013 na 2014. Ngano aina ya Digalu, iliyokuwa inaistahimili Ug99, iliangamizwa na kutu kusini mwa nchi. Wengi walidhani Ug99 imebadilika tena. Vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba aina hiyo, TKTTF, si ya ukoo wa Ug99 hata kidogo. Ilikuwa ni uvamizi wa ukoo mwingine, na hilo linabadilisha unachofanya: ukoo wa nyumbani unaobadilika unautazama nyumbani, ukoo mgeni unauliza umeingia kupitia wapi.

Ndiyo maana huwa nawakatiza wanafunzi wanaoandika kwenye ripoti kwamba sampuli zao "hazina tofauti, kwa hiyo aina moja ya kinga inatosha". Alama hizi zinasema ukoo. Hazisemi tabia. Na kwa Ug99 hata habari ya ukoo ilikuwa na sura ya ndani zaidi: mwaka 2019, baada ya jenomu (DNA yote) ya kila kiini kusomwa peke yake, ilidhihirika kwamba kimoja cha viini vyake kinakaribia kufanana kabisa na kiini cha ukoo wa kutu uliojulikana kusini mwa Afrika na uliofika Australia 1954. Kutu mbili zilibadilishana viini bila kupitia uzazi wa jinsia. Si jambo ambalo ungelisoma kwa kutazama vilele kumi.

Kwa namna yanavyoenezwa bila kupandana, matoke yako karibu na kutu kuliko na mnazi. Kagera na Uganda kuna makumi ya majina ya ndizi za nyanda za juu, za kupika na za pombe, na mkulima wa Bukoba atazitofautisha kwa kutazama mkungu tu. Kwenye maikrosatelaiti zinafanana kiasi kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihitimisha zimetokana na mche mmoja wa kale ulioenezwa kwa machipukizi. Simaanishi kwamba mkulima amekosea. Anatazama tabia, mimi natazama ukoo, na badiliko moja la jeni linatosha kugeuza rangi ya shina.

Kuna mbinu ya jirani, ISSR, iliyoanza 1994, inayotumia praima moja inayoshika kwenye vipande vinavyojirudia vyenyewe na kukuza kilicho katikati yao. Ni rahisi, haihitaji kujua chochote kuhusu DNA ya kiumbe chako, na kwa mwanafunzi anayelinganisha uyoga wa mamama kutoka wauzaji tofauti wa mbegu inatosha kabisa. Udhaifu wake ni kwamba mstari kwenye jeli, ambamo vipande vya DNA hutenganishwa kwa urefu, unaonekana vile vile iwe una nakala moja au mbili. Tena praima hiyo haichagui: jani lenye kuvu ndani yake litatoa mistari ya mmea na ya kuvu kwa pamoja, nawe utaiandika yote kuwa ni tofauti za mmea. Nimekagua ripoti za namna hiyo zaidi ya moja.

Watu huniuliza pia kwa nini tusiache haya yote tukahamia SNP, yaani mabadiliko ya herufi moja moja, maelfu ya alama kwa mpigo. Kama unatafuta jeni ya ustahimilivu, hamia, tena haraka. Kama swali lako ni mche huu ni chotara au la, au kutu hii ni ukoo ule au mwingine, na ulichonacho ni mashine ya PCR na friji isiyozimika mara kwa mara, maikrosatelaiti zitakujibu kwa gharama unayoweza kuimudu.

Jambo moja linawaponza hata wenye uzoefu. Kilele nilichokiita 182 kwenye mashine yangu, mashine ya mwenzangu Nairobi yaweza kukiita 184, kwa sababu rangi, kemikali na programu ya kusomea ni tofauti. Tukiunganisha majedwali yetu hivi hivi, minazi ya Tanzania na ya Kenya itajitenga vizuri sana kwenye mchoro, na tofauti yote itakuwa ya mashine. Kwa hiyo kila sahani ya PCR inayotoka kwetu inabeba DNA ya minazi miwili ile ile ya rejea, na mwenzangu ana vichupa vya minazi hiyo hiyo. Ukitaka kulinganisha data zako na zetu, niandikie nikutumie kichupa chako kabla hujaanza PCR, si baada ya kumaliza.