Sanamaki na Dawa za Tumbo: Usizichanganye kwa Kukisia

Sanamaki hupatikana kwa urahisi sokoni Mombasa, na wengi huiweka jikoni kama chai ya kusafisha tumbo. Ni dawa kamili: majani hayo hayo ndiyo hutengenezewa baadhi ya vidonge vya kufungua choo vinavyouzwa famasi. Anayeinywa huku ameandikiwa dawa ya tumbo anatumia dawa mbili.

Kosa kubwa ni la muda. Sanamaki hungoja ifike utumbo mpana, ambako bakteria huvunja viini vyake, ndipo utumbo uanze kusukuma. Hilo huchukua saa 6 hadi 12. Ukinywa kikombe saa mbili usiku, tarajia choo kati ya saa nane usiku na saa mbili asubuhi. Asiyejua huona kimya kufikia saa nne usiku, akaongeza kikombe cha pili au akameza bisakodili, dawa nyingine ya kufungua choo aliyopewa hospitalini. Bisakodili nayo huhitaji muda kama huo, kwa hivyo alfajiri zote hufanya kazi pamoja: tumbo husokota, mtu akahara maji mpaka akapata kizunguzungu. Chagua moja. Na kidonge cha bisakodili usikimeze na chai ya maziwa wala dawa ya maji ya kiungulia, maana ganda lake huyeyuka kabla ya wakati na tumbo huuma. Acha angalau saa 1 baada ya hizo, kisha umeze kwa maji.

Linalotutia hofu zaidi sisi wafamasia ni potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa. Kuhara kwa siku kadhaa huimwaga, na ikipungua mapigo ya moyo huvurugika. Hatari huzidi ukiwa unatumia domperidoni ya kichefuchefu, au klarithromaisini inayotolewa pamoja na omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) kutibu bakteria wa vidonda vya tumbo, kwa sababu dawa hizo zenyewe zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Huzidi pia kwa mwenye presha anayemeza vidonge vya kukojoza, na kwa anayetumia digoksini, dawa ya moyo. Urukususu, ule mzizi mtamu, nao hupunguza potasiamu na kupandisha presha. Usiuchemshe pamoja na sanamaki.

Omeprazoli humezwa nusu saa hadi saa 1 kabla ya kifungua kinywa. Ikitumiwa miezi mingi inaweza kushusha madini ya magnesi mwilini, na kuhara mara kwa mara huishusha zaidi. Nanaa inanukia vizuri, lakini hulegeza mlango kati ya koo la chakula na tumbo. Mwenye kiungulia aiache. Tangawizi ya kawaida ya chai haina shida kwa walio wengi. Anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze vidonge vya tangawizi bila kumuuliza mfamasia.

Chai za paketi za kupunguza mwili zikague kwa makini. Ukiona Senna au Cassia angustifolia, hiyo ni sanamaki. Mletee mfamasia paketi yenyewe, umwambie unakunywa vikombe vingapi na tangu lini. Fungu la majani halina kipimo, kwa hivyo hatuwezi kukadiria nguvu yake kama tunavyofanya kwa kidonge.

Usizidishe wiki 1 ya kunywa sanamaki bila ushauri. Mjamzito na mtoto wasipewe mpaka waonwe na mtaalamu. Tumbo likiuma ghafla pamoja na kutapika, usinywe kabisa: huenda ni kidole tumbo au utumbo ulioziba. Ukiona damu chooni, misuli ikilegea au moyo ukidunda ovyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo na uchukue dawa zako zote.